Maji ya Kunywa Kutoka Ziwa Viktoria

Katika sura iliyopita ulijifunza jinsi maji yanavyozunguka. Jua huyageuza kuwa mvuke, mvuke hupanda na kuwa mawingu, na mawingu huleta mvua. Sasa tutayatazama maji hayo yakiwa yamekwisha kufika ardhini, nasi tutauliza swali moja tu: je, yanafaa kunywewa?

Tuanzie Mwanza. Hata kama shule yako iko Mtwara au Kigoma, bila shaka umepata kuona picha ya mji huo, wenye mawe makubwa yaliyopandana kana kwamba yamepangwa kwa mikono. Ukipanda juu ya kilima chochote cha Mwanza utaona maji mpaka upeo wa macho. Hilo ni Ziwa Viktoria, ziwa kubwa kuliko yote katika Afrika. Eneo lake ni kilometa za mraba zipatazo 68,800, na karibu nusu ya eneo hilo imo katika nchi yetu.

Mtu akitazama maji mengi kiasi hicho anaweza kudhani kwamba watu waishio kando yake hawana shida ya maji. Sivyo. Watoto wengi wa ufuko huo wameugua, na wengine wamekufa, kwa sababu ya maji yale yale yanayong'aa mbele ya nyumba zao. Tena, ukisafiri kutoka Mwanza kwenda kusini kwa mwendo wa kilometa zipatazo 160, utafika Shinyanga. Huko, wakati wa kiangazi, watu wa vijiji vingi wamezoea kuchimba katika mchanga wa mito iliyokauka ili wapate ndoo moja ya maji.

Kwa nini kuna maji mengi yasiyo salama, na karibu yake nchi yenye kiu? Soma sura hii polepole. Fanya majaribio yote pamoja na wenzako.

Kwa nini nchi ya kusini ni kavu

Kila siku jua hugeuza maji mengi ya ziwa kuwa mvuke. Lakini mvuke huo huchukuliwa na upepo. Katika sehemu kubwa ya mwaka upepo huvuma kutoka mashariki na kusini-mashariki, ukipita juu ya ziwa kuelekea magharibi na kaskazini-magharibi. Kwa hiyo Bukoba, mji ulio upande wa magharibi wa ziwa, hupata mvua ya kiasi cha milimeta 2,000 kwa mwaka. Mwanza hupata karibu nusu ya kiasi hicho. Shinyanga hupata pungufu zaidi, kwa kuwa upepo unaofika huko haukupita juu ya ziwa.

Mvua ya Shinyanga hunyesha hasa kati ya Novemba na Aprili. Toka Mei mpaka Oktoba anga huwa jeupe, udongo mweusi wa mbuga hupasuka, na vijito hubaki mchanga mtupu. Wakulima na wafugaji wa sehemu hizo, na za Kwimba vilevile, huchimba malambo ili kuhifadhi maji ya mvua. Lambo ni msaada mkubwa kwa ng'ombe. Lakini ng'ombe huingia humo kwa miguu, hunywa, na huacha kinyesi humo humo. Mtoto anayechota maji upande wa pili wa lambo anachota maji yale yale.

Mtu anayechimba katika mchanga wa mto mkavu anafanya jambo la busara kuliko anayechota lamboni. Maji yaliyo chini ya mchanga hayapigwi na jua, kwa hiyo hayakauki upesi. Tena yamepita katika mchanga kabla ya kufika katika shimo. Jaribio lifuatalo litakuonyesha faida ya jambo hilo, na mpaka wa faida yenyewe.

Jaribio la kwanza: Kuchuja maji ya tope

Vifaa: kopo kubwa tupu, msumari, kipande cha kitambaa safi, changarawe, mchanga mnene, mchanga laini, bilauri mbili, na maji ya tope kutoka katika dimbwi au mtaro.

Toboa matundu madogo chini ya kopo kwa msumari. Osha mchanga na changarawe mara nyingi, mpaka maji ya kuoshea yatoke bila uchafu. Usipofanya hivyo chujio lako litachafua maji badala ya kuyasafisha. Tandika kitambaa ndani ya kopo, juu ya matundu. Weka changarawe, halafu mchanga mnene, halafu mchanga laini juu kabisa. Jaza bilauri moja kwa maji ya tope na uiweke kando. Sasa mimina maji ya tope yaliyobaki ndani ya kopo, polepole, na uyakinge katika bilauri ya pili yanapotoka chini.

Linganisha bilauri mbili. Umeona nini? Maji yaliyochujwa ni meupe zaidi, na pengine yanang'aa. Chembe za udongo zimekwama kati ya punje za mchanga.

Usiyanywe maji hayo. Mwalimu wako akiwa na hadubini atakuonyesha sababu. Tone moja tu la maji yaliyochujwa kwa kopo lako linaweza kuwa na viumbe vingi mno vinavyoishi. Viumbe hivyo ni vidogo kuliko nafasi iliyo kati ya punje mbili za mchanga, navyo hupita kama mtu apitavyo katika mlango ulio wazi. Kwa hiyo maji safi kwa macho si lazima yawe maji salama kwa tumbo. Andika sentensi hiyo katika daftari lako, kwa sababu tutairudia.

Vijidudu na pampu ya London

Zamani watu hawakujua kwamba maji huweza kuleta magonjwa. Walidhani kipindupindu huletwa na harufu mbaya. Mwaka 1854 ugonjwa huo uliua mamia ya watu kwa siku chache katika mtaa mmoja wa London, Uingereza. Daktari mmoja, jina lake John Snow, alipita nyumba kwa nyumba akiuliza waliokufa walikuwa wakichota maji wapi. Aliona kwamba wengi wao walikunywa maji ya pampu moja. Watu waliipenda pampu ile, kwa kuwa maji yake yalionekana mazuri. Snow aliwashauri wakubwa wa mtaa waondoe mpini wa pampu ili isitumike tena, nao wakakubali. Baadaye iligunduliwa kwamba shimo la choo lililokuwa karibu lilikuwa likivuja ndani ya kisima.

Angalia vizuri alivyofanya daktari huyo. Hakuwa amemwona mdudu wa kipindupindu. Alihesabu, akalinganisha, akafikia jibu. Hiyo ndiyo sayansi, na wewe waweza kuifanya kwa daftari na kalamu tu.

Kipindupindu kilienea katika nchi yetu kuanzia mwaka 1977, na kimerudi mara nyingi tangu wakati huo. Mwaka 2015 kilisambaa katika mikoa mingi. Mgonjwa huharisha maji matupu na kutapika. Kinachomwua si mdudu tu, bali ni upungufu wa maji mwilini, na mtoto mdogo huweza kufa kabla ya siku kwisha. Homa ya matumbo na kuhara damu pia huenezwa na maji yaliyochanganyika na kinyesi cha binadamu.

Kwa sababu hiyo jifunze jambo hili leo, ulifahamu kwa moyo. Mtu akiharisha sana, anza kumpa kinywaji mara moja, hata kabla ya kumfikisha zahanati. Chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Tia vijiko sita vidogo vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko hicho cha chumvi. Koroga mpaka viyeyuke. Mnyweshe kidogo kidogo bila kuchoka, na akitapika ngojea dakika chache uendelee. Wakati huo huo watu wazima wamtayarishie safari ya kwenda zahanati. Usizidishe chumvi, kwa maana chumvi nyingi humdhuru mgonjwa. Sukari na chumvi husaidia utumbo kufyonza maji, ndiyo maana maji matupu peke yake hayatoshi.

Ugonjwa unaoingia kwa ngozi

Sasa fikiri juu ya mtoto wa Mwanza ambaye hunywa maji yaliyochemshwa tu, lakini kila jioni huogelea ziwani. Je, yu salama?

Kichocho hakimngojei mtu anywe. Mtu mwenye ugonjwa huu akikojoa au akijisaidia majini, mayai ya minyoo hutoka na kuanguliwa. Viumbe vinavyotoka katika mayai huingia ndani ya konokono wadogo waishio kati ya majani ya ukingoni. Humo huongezeka sana. Kisha hutoka wakiwa na mkia, wakiogelea, wakitafuta ngozi ya mtu. Wakiipata huipenya, na baada ya majuma kadhaa huwa minyoo mikubwa katika mishipa ya damu.

Kando ya ziwa aina inayoonekana zaidi ni kichocho cha tumbo. Bara zaidi, katika malambo na madimbwi, ni kichocho cha mkojo, na mgonjwa hukojoa damu. Wapo wavulana ambao wamekuwa wakidhani kukojoa damu ni dalili ya kukua. Huo ni ugonjwa, na dawa yake ipo, nayo imekuwa ikigawiwa katika shule nyingi. Lakini anayemeza dawa asubuhi na kurudi ukingoni jioni hataponea mbali.

Viumbe hivyo vyenye mkia haviishi zaidi ya siku mbili hivi visipopata ngozi. Kwa hiyo maji ya ziwa yaliyochotwa bila konokono, yakafunikwa na kukaa siku mbili kamili, hayawezi tena kukuambukiza kichocho unapooga. Lakini bado hayafai kunywewa. Eleza kwa nini.

Kuua vijidudu

Njia iliyo bora nyumbani ni kuchemsha. Maji yakitokota kabisa, mapovu makubwa yakipanda kutoka chini, vijidudu vya magonjwa tuliyoyataja hufa. Hapa kuna jambo la kupendeza kwa mtu wa Mwanza. Katika vitabu imeandikwa kwamba maji huchemka katika nyuzi 100 za Sentigredi. Hiyo ni kweli katika usawa wa bahari, kama vile Tanga au Dar es Salaam. Lakini Ziwa Viktoria liko meta zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, na huko juu hewa hukandamiza kidogo zaidi. Kwa hiyo sufuria la maji katika jiko la Mwanza huchemka katika nyuzi 96 hivi. Usiogope, joto hilo latosha kuua vijidudu.

Kuchemsha kuna shida moja ambayo hatuwezi kuificha. Kunataka kuni au mkaa, na katika nchi kavu kuni zenyewe hutafutwa mbali. Mama mwenye mafiga matatu na mzigo mmoja wa kuni huchagua kwanza kupika ugali. Kwa hiyo yafaa kujua njia nyingine. Chukua chupa ya plastiki nyeupe inayopitisha mwanga, isiyozidi lita mbili. Ijaze maji yaliyokwisha kuchujwa mpaka yang'ae, uifunge, na uilaze juu ya bati penye jua kali kwa saa sita. Siku ya mawingu mengi iache siku mbili. Mwanga wa jua pamoja na joto lake huua vijidudu. Maji ya tope hayafai kwa njia hii, kwa kuwa chembe za udongo huwakinga vijidudu na mwanga.

Njia nyingine ni dawa ya klorini, inayouzwa ikiwa vidonge au maji. Fuata kipimo kilichoandikwa, na ungojee nusu saa kabla ya kunywa.

Lakini fahamu kwamba moto hauondoi kila kitu. Visima vingine vya Shinyanga vina maji yenye floridi nyingi, nayo huacha madoa ya kahawia katika meno ya watoto wanaokua. Ukichemsha maji hayo, maji hupungua kwa kugeuka mvuke lakini floridi hubaki. Ukikumbuka jaribio la kukausha maji ya chumvi katika sahani, utaelewa mara moja.

Kutoka Ihelele mpaka Shinyanga

Kwa miaka mingi watu wa Shinyanga waliuliza: mbona ziwa liko karibu, na sisi tunachimba mchanga? Mwaka 1971 serikali ilianza mpango wa miaka ishirini, uliokusudia kila kijiji kipate maji safi karibu, umbali usiozidi meta 400 kutoka nyumbani, ifikapo mwaka 1991. Mwaka 1974, kwa msaada wa Uholanzi, Shinyanga ilianza kuchimbiwa visima vifupi vyenye pampu za mkono, na mamia ya visima yalipatikana. Visima vingi vilisaidia sana. Vingine vilinyamaza pampu zilipoharibika na vipuri visipatikane. Mwaka 1991 ulifika, na lengo la meta 400 halijatimia.

Tena palikuwa na kikwazo cha mkataba. Mwaka 1929 Uingereza, iliyokuwa ikitawala hapa, ilikubaliana na Misri kwamba pasifanywe kazi yoyote ya kupunguza maji ya Mto Nile na maziwa yake bila Misri kukubali. Ziwa Viktoria ni chanzo kimoja cha Nile. Baada ya uhuru, mwaka 1962, serikali ya Tanganyika ilitangaza kwamba haifungwi na mkataba ambao yenyewe haikuufanya.

Hatimaye, kuanzia mwaka 2004, Tanzania ilijenga bomba kubwa kutoka ziwani kwa fedha za serikali yenyewe, na mwaka 2009 likazinduliwa. Maji huchotwa Ihelele, katika Wilaya ya Misungwi, Mkoa wa Mwanza. Mitambo ilijengwa ili iweze kutoa lita milioni 80 kwa siku. Hesabu mwenyewe: ni ndoo ngapi za lita 20?

Katika mitambo ya namna hii maji hupitia hatua ambazo wewe umekwisha kuzijaribu kwa kopo, ila kwa vipimo vikubwa. Kwanza huchanganywa na dawa, kama vile shabu. Shabu huzifanya chembe ndogo za udongo zishikamane na kuwa mabonge mazito, nayo mabonge huzama chini. Jambo hili lilijulikana tangu zamani katika nchi za Kiafrika. Wanawake wa Sudan wamekuwa wakitumia mbegu za mlonge zilizopondwa kutuliza tope la maji ya Nile, na mbegu hizo hufanya kazi ile ile. Kisha maji hupitishwa katika machujio makubwa ya mchanga. Mwisho hutiwa klorini ili kuua vijidudu vilivyopita katika mchanga. Klorini kidogo huachwa ibaki majini, ili maji yawe na ulinzi katika safari ndefu ya bomba. Ukisikia harufu yake bombani usichukie.

Baadaye bomba liliongezwa likapita Shinyanga na Kahama, likafika Nzega, Igunga na Tabora. Jiji la Mwanza lenyewe, ambalo watu wake wameongezeka upesi na kujenga juu ya vilima, lilihitaji mitambo zaidi. Kwa hiyo ilijengwa mitambo ya Butimba, yenye uwezo wa lita milioni 48 kwa siku. Basi usistaajabu ukisikia kwamba mtu aliyejenga juu ya mwamba, mahali anapoliona ziwa lote, amekuwa akikaa siku kadhaa bila maji. Sababu yake iko katika sehemu ifuatayo.

Uzito wa maji

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20, mbali na uzito wa ndoo. Pima uzito wako katika mizani ya zahanati, halafu ulinganishe. Wasichana wengi wa rika lako hubeba kichwani karibu nusu ya uzito wao wenyewe, mara mbili au tatu kwa siku, na mara nyingi kabla ya kengele ya shule. Wavulana wanaosoma ukurasa huu wajiulize ni mara ngapi juma lililopita wao walikwenda kisimani.

Pampu nayo inabeba uzito huo huo. Ili maji yapande kilimani lazima kitu kiyasukume: mkono, injini, umeme au jua. Nguvu hiyo ina gharama, na ndiyo sababu maji ya bomba hulipiwa.

Jaribio la pili: Maji yanayosukuma

Chukua kopo refu. Toboa matundu matatu yaliyo sawa kwa ukubwa katika ubavu wake: moja karibu na juu, moja katikati, na moja karibu na chini. Ziba matundu yote kwa nta au matope magumu. Jaza kopo maji, ulisimamishe juu ya jiwe refu, na uzibue matundu yote kwa pamoja.

Maji ya tundu gani yanaruka mbali zaidi? Bila shaka umeona kwamba ni ya tundu la chini. Maji yaliyo juu yake yana uzito, nayo yanayakandamiza. Kadiri kimo cha maji kinavyozidi, ndivyo msukumo unavyozidi.

Sasa utaelewa kwa nini matangi ya maji hujengwa juu ya vilima. Kutoka Ihelele pampu husukuma maji mpaka tangi lililo juu ya kilima cha Mabale. Kutoka hapo hayasukumwi tena na pampu, bali huteremka yenyewe ndani ya bomba, yakipita Solwa, kuelekea Shinyanga upande mmoja na Kahama upande mwingine. Uzito wake ndio unaoyasukuma. Na mtu aliyejenga juu zaidi ya tangi la mtaa wake hatapata tone, kama vile tundu lililo juu ya usawa wa maji katika kopo lako lisivyotoa kitu.

Maji ya bati, na safari ya mwisho

Si kila kijiji kilicho karibu na bomba. Kijiji kisicho na bomba kinaweza kukinga mvua. Mvua ya milimeta moja ikinyesha juu ya meta moja ya mraba ya bati, hupatikana lita moja. Paa la darasa lenye urefu wa meta 8 na upana wa meta 5 lina eneo la meta za mraba 40. Mvua moja ya milimeta 20 italipatia paa hilo lita 800, yaani ndoo 40, ingawa kidogo hupotea kwa kuruka na kuvuja. Maji ya dakika za kwanza za mvua yaache yamwagike, kwa sababu yanaosha vumbi na kinyesi cha ndege. Tangi lifunikwe vizuri, mbu wasipate pa kuzalia.

Liko jambo moja ambalo wataalamu wa maji husahau, lakini mama mwenye nyumba hulijua. Maji yanaweza kusafiri kutoka Ihelele yakiwa salama kabisa, yakachafuliwa katika hatua ishirini za mwisho. Ndoo iliyobebea maji ya lambo jana huchafua maji ya bomba leo. Majani yanayoelezwa juu ya ndoo ili maji yasimwagike hutoka porini na vumbi lake. Kata iliyoanguka sakafuni hurudishwa mtungini. Mtoto huingiza kikombe mtungini kwa mkono ambao haukunawa kwa sabuni baada ya kutoka chooni. Mtungi wa udongo unapoza maji vizuri sana, kwa kuwa maji machache hupenya ukutani mwake na kugeuka mvuke, yakichukua joto. Lakini uwe na kifuniko, na kata yenye mpini mrefu ining'inizwe ukutani.

Maswali na kazi

1. Mtu mmoja anasema, "Maji ya kisima chetu hayana hatari, kwa maana unaweza kuona sarafu iliyo chini yake." Mjibu kwa kutumia matokeo ya jaribio la kwanza.

2. Kwa nini Bukoba hupata mvua nyingi kuliko Shinyanga? Chora ramani ndogo ya ziwa, na uonyeshe mwelekeo wa upepo kwa mishale.

3. Ni ugonjwa gani unaoweza kumpata mtu asiyekunywa hata tone la maji ya ziwa? Eleza safari yake kutoka kwa mgonjwa mpaka kwa mtu mwingine. Usimsahau konokono.

4. Tangi la kijiji liko juu ya kilima chenye kimo cha meta 30. Nyumba moja imejengwa katika kilima kingine chenye kimo cha meta 35. Je, maji yatafika katika nyumba hiyo bila pampu? Toa sababu.

5. Pima urefu na upana wa paa la darasa lako. Mwombe mwalimu akuambie kiasi cha mvua iliyonyesha mahali penu mwezi mmoja wa masika. Tafuta ni lita ngapi ambazo zingepatikana, na zingewatosha wanafunzi wa darasa lenu kwa siku ngapi ikiwa kila mmoja atakunywa lita moja kwa siku.

6. Kwa muda wa siku saba, fanya kama alivyofanya Snow. Andika katika daftari mahali kila nyumba ya mtaa au kitongoji chako inapochota maji ya kunywa, umbali wake kwa hatua, na jina la kazi ya aliyetumwa kuyachota: baba, mama, kaka, dada. Uliza pia kama kuna mtu aliyeharisha katika juma hilo. Usiandike majina ya watu. Chora ramani ya mtaa na utie alama ya duara mahali pa maji, na nukta penye kila nyumba iliyokuwa na mgonjwa. Leteni ramani zenu darasani, mziweke pamoja juu ya meza moja, na mtazame nukta zimekaa wapi.